Dari la gari lililokuwa likimwagikia ushungi wa mama

Kwa karibu mwaka mzima mama yangu alikuwa akipanda gari langu na kanga ya ziada mkononi. Akishaketi kiti cha nyuma aliifunika juu ya ushungi wake, kisha ndipo aliposema twende, nami nikidhani anajikinga na upepo wa dirishani. Nilielewa siku tuliyofika Newala, aliposhuka na kuikung'uta ile kanga kando ya mlango, kikatoka kitu kama unga wa rangi ya kutu, kikamganda vidoleni na kuacha unato hata alipojifuta. Vumbi la barabara ya Nanyamba na Tandahimba tunalijua sote, na hilo halikuwa lenyewe. Lilikuwa dari la gari langu, na mama hakuwa amelalamika hata mara moja.

Gari lenyewe ni saluni ndogo ya Kijapani iliyotengenezwa mwaka 1997, nami nimekaa nalo hapa Mtwara mjini kwa miaka tisa. Kitambaa cha dari kilianza kuachia juu ya kioo cha nyuma, pakatokea kifuko kidogo kama shavu la mtoto anayepuliza moto, kikaongezeka kila msimu wa joto hadi nikitazama kioo cha kuonea nyuma naona kitambaa badala ya barabara. Hapo jambo lilikuwa limeshavuka urembo na kuwa hatari, na nakiri kwamba nilichelewa kulishughulikia.

Mara ya kwanza nilimpa fundi mmoja kazi ya kulibandika. Alitoboa kitambaa kwa sindano ya hospitali, akaingiza gundi ya viatu, akakandamiza kwa kiganja na kuniambia niliache gari kivulini hadi jioni. Baada ya wiki tatu kitambaa kilikuwa kimeshuka tena, safari hii kikiwa na madoa magumu ya kahawia mahali gundi ilipopenya. Simlaumu kwa mkono wake, kwa sababu gundi ilishika vizuri kabisa, ila ilishika kitu ambacho chenyewe kilikuwa kimeshakufa.

Dari la namna hii lina matabaka matatu. La juu, linaloelekea bati la paa, ni bodi nyepesi iliyokandamizwa kwa joto ikapewa umbo la paa. La chini ni kitambaa tunachokiona. Na katikati yake kuna sponji nyembamba, aghalabu ya milimita 3 hivi, iliyounganishwa na kitambaa tangu kiwandani. Sponji hiyo ni ya poliyurethani, jamii moja na magodoro tunayolalia, na maadui zake wakubwa ni joto na unyevu, kwa maana mvuke wa maji ukiingia katika vitundu vyake wakati wa joto kali hukata polepole minyororo ya kikemia inayoishikilia, ikapoteza mnepo, ikawa ya kunata, na mwisho ikageuka unga. Mtwara tunavyo vyote viwili kwa wingi. Gari lililoachwa juani Shangani mchana wa Januari, vioo vimefungwa, hewa yake ya ndani inaweza kuvuka nyuzi 50 za Sentigredi, na bati la paa likawa la moto zaidi ya hapo, huku unyevu wa bahari ukiwa haupumziki usiku wala mchana. Kwa hiyo kitambaa kinachoning'inia mara nyingi ni kizima. Kilichoanguka ni sponji iliyo nyuma yake, na gundi yoyote inayoongezwa kwa chini hushika unga.

Haya nilianza kuyaelewa kwa mzee mmoja anayetengeneza makochi upande wa Chikongola. Nilimwamkia, nikamweleza, akatoka hadi kwenye gari, akaingiza kidole kwenye upenyo wa kitambaa na kunionyesha rangi iliyobaki kwenye ukucha. "Mwanangu," akasema, "usianze kununua gundi. Anza kununua brashi."

Kitambaa maalumu cha dari, chenye sponji mpya mgongoni, sikukipata hapa, hivyo niliagiza Kariakoo mita mbili zenye upana wa mita moja na nusu, kikaja kwa basi. Nilishauriwa na wengi nitumie kitambaa cha kochi ili kupunguza gharama, na nasema wazi kwamba ushauri huo si mzuri, kwa kuwa kitambaa kisichovutika hakiingii katika mabonde ya bodi, na kisicho na sponji huonyesha kila kovu lililo nyuma yake.

Nilifanya kazi mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekwisha na joto limepungua. Kwanza nilitoa waya hasi wa betri, maana taa ya ndani ina nyaya zake darini, na katika magari mapya zaidi mifuko ya hewa ya usalama hupita pembezoni mwa paa, kwa hiyo mwenye gari la aina hiyo asiguse dari kabla ya kumwona fundi anayeijua mifuko hiyo. Langu halina. Baada ya hapo nilifungua sanvaiza (vile vibao vya kukinga jua juu ya kioo cha mbele), vishikio vya juu ya milango ambavyo skrubu zake hujificha chini ya vifuniko vidogo vya plastiki, taa, na ndoano ya nguo. Nikavuta mpira wa milango kutoka ukingo wa juu. Nikang'oa plastiki za nguzo taratibu, na hata hivyo klipu nne zilikatika kwa uzee. Bodi tuliitoa kwa mlango wa mbele wa abiria, viti vikiwa vimelazwa, mimi na kijana wa jirani. Nilipoikunja kidogo ili ipite, nikasikia mlio kama wa biskuti inayovunjika: ilikuwa imepasuka kando ya tundu la taa. Niliumia moyo, lakini ufa huo ulizibika kwa vipande vya shashi na gundi nyeupe ya mbao, nikavibandika upande wa juu usioonekana na kuviacha vikauke usiku kucha.

Sasa brashi. Tulitandika turubai la kuanikia korosho chini ya mwembe, tukailaza bodi chali. Kitambaa cha zamani nilikivua chote kwa mkono mmoja, bila kutumia nguvu hata kidogo, na chini yake ikabaki ile sponji, ya rangi ya chungwa iliyooza, mahali pengine ikiwa unga na pengine ikinata kama ulimbo. Nilivaa barakoa na kufunga kilemba, kwa sababu unga huo haufai kuvutwa kifuani, nikaanza kusugua kwa brashi ya nailoni ya kufulia. Brashi ya waya huchana bodi, na maji huilainisha, hivyo vyote viwili niliviepuka. Kipimo changu kilikuwa kiganja: napitisha mkono mkavu juu ya bodi, na kiganja kikitoka na rangi, narudia. Nilirudia mara tano, tangu asubuhi hadi baada ya adhuhuri, na kama kuna saa katika kazi hii ambayo mtu hapaswi kuifupisha, ni hiyo.

Kubandika nilikuahirisha hadi kesho yake saa moja asubuhi, ndani ya baraza, kabla upepo wa kusi haujaanza kupeperusha mchanga. Gundi ilikuwa ya spreyi, ya kugusanisha, iliyoandikwa kwamba inavumilia joto kali, kwa sababu nyingi za kawaida hulainika chini ya bati la moto. Nilikitandaza kitambaa juu ya bodi, nikakikunja nusu, nikapulizia nusu ya bodi na nusu ya mgongo wa kitambaa, kisha nikangoja hadi gundi ikawa inanata kidoleni bila kuvutika nyuzi. Kijana alishika upande wake juu, nami nikashusha kitambaa kidogo kidogo, nikikisukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni na kuingia kwanza katika kila bonde kwa ncha za vidole, maana kitambaa kikipita juu ya bonde kama daraja, siku moja ya jua hukinyanyua. Kukandamiza kwa nguvu nako ni kosa, kwa kuwa sponji hubonyea na gundi ikachungulia upande wa pili. Karibu na sanvaiza ya kulia kitambaa kiligusa gundi kabla sijawa tayari. Nilipojaribu kukivua sponji ikaanza kuchanika, nikakiacha, na pamebaki mkunjo wenye urefu wa kidole ambao naujua mimi na nyinyi mnaosoma hapa. Pembezoni niliacha sentimita tano za kukunjia nyuma, na matundu niliyakata baadaye kwa wembe.

Bodi ililala kivulini saa 24. Kuirudisha kulikuwa kwepesi, na kwa siku mbili niliendesha vioo vikiwa wazi hadi harufu ya gundi ikaisha.

Mwezi wa Agosti tulikwenda Newala tena. Mama aliingia na kanga yake ya ziada kama kawaida, akatazama juu kwa muda, akapitisha vidole vyake darini, akavigeuza na kuviangalia. Kisha akaikunja kanga na kuiweka mapajani. Nina kipande cha kitambaa kilichobaki, kiasi cha nusu mita, na wiki hii nataka kukitumia kuvisha sanvaiza, ambazo kwa sasa zinaonekana kuukuu kando ya dari jipya.