Mahindi yalivuka bahari, chokaa ikabaki Meksiko

Mpishi akisafiri hurudi na picha za sahani, pakiti za viungo na hamu ya kupika alichokula. Vyote vizuri, ila pakiti huisha. Mbinu haiishi. Kwa mpishi wa kwetu, aliyekuzwa na ugali, uji na makande, sioni safari yenye faida kuliko ya Oaxaca, kusini mwa Meksiko, kwenda kutazama wenzetu wanavyoyashughulikia mahindi.

Jina letu, muhindi, linatuelekeza India, lakini kwao mahindi ni Meksiko. Wareno ndio wanaotajwa kuyaleta pwani yetu. Punje zilifika, maarifa ya kuzipika hayakufika. Kule mahindi makavu kwa kawaida hayasagwi kabla ya kuchemshwa na kulazwa kwenye maji ya chokaa. Mahindi yaliyotoka humo huitwa nixtamal, neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, lenye jivu ndani yake, kwa kuwa jivu la kuni nalo hufanya kazi ileile.

Chokaa hulainisha ganda la nje hadi likachomoka kwa vidole. Wanga hubadilika kidogo, ndiyo maana unga wake wa maji hushikana ukakandika, wakati unga wetu wa sembe ukiutia maji baridi hukatika tu. Harufu nayo hugeuka, na ukishaizoea huisahau. Kubwa zaidi ni niasini, vitamini B3: katika mahindi imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati, na chokaa huifungua. Wazungu walipoyachukua mahindi bila chokaa, maskini wa kaskazini mwa Italia walioishi kwa polenta, ugali wao wa mahindi, waliugua pelagra: ngozi kuchubuka, kuhara, akili kuvurugika. Jina la ugonjwa lilitoka huko, katika karne ya 18. Na si habari ya Ulaya peke yake. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wakila mgao wa mahindi baada ya karanga kukatika, waliugua pelagra zaidi ya watu 17,000. Sisi tumekuwa tukiokolewa na maharage, karanga na dagaa pembeni ya sahani.

Ukifika Oaxaca, amka mapema uende kwenye molino, mashine ya kusaga ya mtaani. Utaona foleni ya ndoo, kama foleni yetu ya madebe, ila mahindi yao yamelowa na yanasagwa hivyohivyo, katikati ya mawe mawili. Nenda na mizani ndogo na daftari. Mama wa kule atakupimia chokaa kwa kiganja. Mwombe uweke kiganja chake kwenye mizani. Chukua punje moja ndooni, ing'ate, tazama ndani yake. Hayo ndiyo ya kurudi nayo. Punje zenyewe ziache, maana mbegu kuvuka mpaka bila kibali cha afya ya mimea ni kosa, na ugonjwa mmoja wa mazao hutosha kuharibu msimu wa watu wengi.

Nyumbani, chukua kilo 1 ya mahindi meupe makavu yasiyokobolewa, lita 3 za maji na gramu 10 za unga wa chokaa ya kula, yaani asilimia moja ya uzito wa mahindi. Usithubutu kununua mahindi duka la pembejeo: yale yenye rangi yamepakwa dawa, ni ya kupanda tu. Yenye ukungu pia yatupe, chokaa haiyatakasi. Chokaa ya ujenzi usiiguse, hujui imechanganywa na nini. Pwani tuna bahati, kwa sababu chokaa ya kupakia tambuu ni kitu kilekile na chokaa ya kula. Iwe nyeupe tupu, isiyotiwa rangi wala harufu, na kwa vile ina maji ndani yake, anza na gramu 20.

Sufuria ndiyo inayowaponza wengi. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na maji ya chokaa hula alumini: sufuria inachimbika na chakula kinameza madini. Tumia ya stenlesi, ya enameli isiyobanduka, au chungu.

Koroga chokaa kwenye maji baridi mpaka isambae, kisha mimina mahindi. Yanayoelea yaondoe, mengi yametobolewa na wadudu. Weka kwenye moto wa wastani, yapate moto taratibu. Rangi itageuka njano hata kama mahindi ni meupe. Ni dalili kwamba chokaa imeshika. Yakianza kutokota punguza moto, maji yawe yanatikisika tu, na uhesabu dakika 30. Sasa pima. Chukua punje moja, isugue kwa dole gumba na cha shahada: ganda linatakiwa kuteleza. Ikate katikati kwa kisu: pembeni imeiva, katikati kuna kidoa cheupe kikavu kama chaki. Hapo zima moto. Kidoa kikiwa kikubwa ongeza dakika 10, upime tena. Kisipokuwepo umechelewa: hayo yatafaa makande, lakini donge lake litanata kama gundi.

Funika, yalale saa 8 hadi 12. Usiruke hatua hii kwa haraka ya mgeni, kwani ni usiku huo maji na chokaa vinapoingia hadi ndani. Asubuhi mwaga maji kwa uangalifu, yanachoma macho na kukausha mikono, na usiyamwagie mboga bustanini. Suuza mara mbili au tatu. Kwa donge la mikate usiyasugue mpaka maganda yote yaishe, kwa sababu utelezi wa ganda ndio unaosaidia kushikamanisha. Ukionja uchungu wa sabuni, chokaa ilizidi au hukusuuza vya kutosha.

Kusaga ndiko kugumu kwetu. Mashine ya mtaani ni ya nafaka kavu. Ukiipelekea mahindi yaliyolowa itaziba, na mwenye mashine ana haki ya kukufukuza. Mashine ya mkono inayofungwa ukingoni mwa meza hufaa, ukisaga mara mbili. Jiwe la kusagia la bibi linafaa kuliko vyote, na ni ndugu wa metate ya Meksiko. Blenda hudai maji mengi, na donge huwa uji. Kilo 1 ya mahindi makavu hutoa karibu kilo 2 za donge.

Mikate yake, tortilla, haitiwi chumvi wala mafuta. Finyanga donge la gramu 30, lichanue kati ya vipande viwili vya mfuko wa plastiki safi mpaka upana wa sentimita 14. Kingo zikipasuka, donge ni kavu: nyunyiza maji kijiko kimoja kimoja, ukande. Likigandia plastiki, limezidi maji. Chuma cha chapati kiwe kimepata moto hasa. Upande wa kwanza sekunde 20, geuza. Wa pili kama dakika moja, geuza tena, ugandamize kidogo katikati kwa vidole. Ukiuona mkate unafura kama chapati ya phulka, kila hatua ya nyuma ilikwenda sawa. Usipofura, moto ulikuwa mdogo au usagaji ulikuwa wa chenga. Viringisha mikate kwenye kitambaa, ufunike kwa kawa. Mvuke wake wenyewe utailainisha.

Lakini raha kubwa naiona kwenye makande. Badala ya kutwanga mahindi kinuni kuondoa ganda, na kupoteza sehemu ya kiini pamoja na pumba, yasugue kwenye maji mengi baada ya kulala kwenye chokaa: ganda linaondoka, kiini kinabaki. Yachemshe kwa maji mapya mpaka yapasuke, ndipo uchanganye na maharage uliyopika kando, vitunguu na tui. Punje inakuwa nene, laini ndani, na hailegei ikawa rojo.

Donge likibaki, gramu 120 zikoroge kwenye lita 1 ya maji, chuja, chemsha kwa kukoroga bila kuacha, tia sukari guru na kijiti cha mdalasini. Wameksiko wanaiita atole. Hata donge zima lisikae nje mpaka jioni kwenye joto la pwani, huchachuka. Kwenye friji lipe siku mbili.