Usiongeze, punguza: nilivyopata senti za mkoloni kule Waithaka

Kila niliyemuuliza jinsi ya kutumia detekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma au sarafu zilizofukiwa, alinijibu neno moja: ongeza. Detekta haishiki kitu? Ongeza unyeti, yaani uwezo wake wa kusikia. Inalia ovyo? Basi uko karibu na mali, ongeza kidogo tena. Hata aliyeniuzia, kwenye kibanda kimoja huko Luthuli Avenue, Nairobi, alizungusha kitufe mpaka mwisho mbele ya macho yangu, akapitisha koili, ile sahani ya chini ya mashine, juu ya sarafu ya shilingi ishirini iliyolala kwenye kaunta ya mbao, mashine ikalia kama kengele ya shule. Nikalipa elfu ishirini na kitu. Hicho kitu ni ngapi sitasema, maana hata nyumbani haya yanasomwa. Nilichosahau ni kwamba kaunta haina udongo mwekundu.

Shamba lilikuwa la Shosho mmoja, jirani ya mjomba wangu kule Waithaka. Alikuwa amenihadithia kwamba chini ya mparachichi palisimama duka la mabati alipokuwa msichana, watu wakipanga foleni ya chumvi, sukari na mafuta ya taa. Palipo na foleni ya watu wenye mifuko iliyotoboka, senti huanguka. Tukapatana nusu kwa nusu, na sharti lake lilikuwa moja:

"Mashimo yangu usiniachie wazi, kijana. Mimi huamka usiku."

Siku ya kwanza nilikwenda nimejiandaa kama mtu wa mgodi: kofia, glavu, na buti nzito za mjengo. Unyeti mpaka mwisho, kama nilivyofundishwa. Mashine ikaanza kulia kabla sijainama. Ililia kulia, ikalia kushoto, nikiiinua inalia, nikiishusha inalia zaidi. Nikachimba shimo la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna. Kufika la tano nilikuwa nimegundua jambo nililoliona la ajabu: sauti kali zaidi ilitoka kila koili ilipokaribia mguu wangu wa kulia. Nikaamini nimekanyaga hazina. Nikasogea, nikachimba pale niliposimama. Hakuna. Nikasimama kando, ikalia tena mguuni.

Mjukuu wa Shosho, mtoto wa darasa la sita, alikuwa ameketi juu ya jiwe anakula parachichi. Akaniuliza, "Anko, hizo buti si zina chuma mbele?"

Nikavua. Nikaazima akala za mjomba. Afadhali kidogo, lakini bado ililia, kwa sababu akala zimepigiliwa misumari, na hilo nililijua tangu utotoni, sijui akili ilikuwa wapi. Mwishowe nilimaliza siku na sandaki za plastiki za Shosho mwenyewe, visigino vikining'inia nje, simu nimeiacha jikoni kwa sababu nayo ilikuwa inaichokoza mashine. Mashimo tisa. Mavuno: msumari mmoja wa mabati na kipande cha sufuria. Majirani walikuwa wameshajipanga kwenye ua, mmoja akasema natafuta dhahabu, mwingine akasema ni mambo ya ardhi na napimia mtu kisirisiri.

Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikakaa kufikiria badala ya kuuliza tena. Udongo wa upande ule, kuanzia Dagoretti mpaka Karen, ni mwekundu kwa sababu umejaa kutu ya chuma. Detekta hutuma nguvu ya sumaku ardhini na kusikiliza kinachojibu, na udongo wenyewe unajibu. Sasa ukiongeza unyeti, hujaongezewa masikio ya kusikia senti, umeongezewa kelele za udongo. Ni sawa na kuongea na simu ndani ya matatu ya Rongai halafu umwombe dereva aongeze muziki ili usikie vizuri.

Nilichofanya kabla ya kurudi ndicho ninachojivunia kuliko sarafu zote. Mama ana kopo la biskuti lenye vifungo na takataka, na ndani mlikuwa na ndururu mbili za zamani, zile za senti tano zenye tundu. Niliziomba (moja niliomba, nyingine nilichukua). Nikafika kwa Shosho asubuhi, nikaifukia moja chini kiasi cha shibiri, nikashindilia udongo, nikaweka kijiti. Kisha nikapita juu yake nikibadilisha kitu kimoja tu kila mara. Unyeti mwisho: kelele kila mahali, kijiti au hakuna kijiti. Nikashusha kidogo, kelele. Nikashusha tena. Nilipofika karibu na nusu, shamba zima likanyamaza, na palepale penye kijiti, sauti moja nyembamba, ikirudi kila nikipita. Nilicheka peke yangu. Mjukuu akaja kuangalia kama niko sawa.

Kabla ya hapo lakini uisawazishe na udongo, na usifanye hivyo juu ya chuma. Tafuta kwanza mahali palipo kimya, shikilia kitufe, pandisha na kushusha koili kama mtu anayetwanga taratibu, mpaka ikome kunung'unika. Nikihama kutoka chini ya mti hadi karibu na zizi, narudia. Majivu ya jikoni nayo hubadilisha kila kitu. Chini ya waya za stima usijisumbue sana, shusha unyeti zaidi au hama.

Ushauri mwingine mbovu: ati nichuje vyuma vyote visisikike. Mahali palipokuwa na duka la mabati! Misumari imejaa kama mchele, na ukiinyamazisha yote, senti iliyolala kando ya msumari inanyamaza nayo. Mimi niliacha chuma kilie, ila kwa sauti nzito ya chini, na sauti ya juu niliitunzia madini mengine. Mlio mzito, mzito, mzito, halafu mwembamba katikati. Hapo unapunguza mwendo na kupita tena kutoka upande mwingine.

Vizibo vya soda vilinitesa sana, maana vinajifanya sarafu. Vinalia vizuri kabisa katikati ya koili. Lakini ukiirudisha koili nyuma polepole mpaka kitu kibaki kwenye ukingo wake, kizibo kinajisaliti: sauti inakatika na kukoroma kama chuma. Sarafu huondoka na sauti yake ileile. Siku hizi nawaonyesha watu kizibo bila kuchimba, wananiona mganga.

Kuna jamaa pia alinihakikishia kwamba sarafu yenye tundu haiwezi kushikwa, sauti inapitia tunduni. Pete je, haina tundu? Umeme unaozuka ndani ya sarafu huzunguka zaidi kwenye ukingo, tundu la katikati haliusumbui sana. Kinachosumbua ni sarafu iliyosimama wima ardhini.

Siku hiyo ya pili nilitoa kumi na moja. Ndururu nne, tano za senti moja, na mbili za senti kumi, zile kubwa za shaba zenye pembe za ndovu. Moja ya hizo niliipangusa kwa kidole nikasoma 1936, na jina EDWARDVS VIII. Huyo ni mfalme wa Uingereza aliyeachia kiti Desemba ya mwaka uleule kabla hajatawazwa. Nilipoituma picha kwenye kundi la ukoo, binamu akajibu ni milioni mbili. Sivyo. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na mnunuzi mjini alinipa bei ya chai na mandazi. Ile nyingine alikataa hata kuishika kwa sababu nilikuwa nimeisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa. Hilo nalo nililishauriwa.

Yule jirani wa mambo ya ardhi alitaka kuniitia polisi, nikamweleza: kwa sheria ya makumbusho ya 2006, kitu cha kale ni cha kabla ya 1895, na hicho hutafuti bila leseni. Reli ilifika Nairobi 1899. Mimi natafuta chenji ya chumvi. Na mwenye shamba ndiye huyu hapa, muulize.

Tulipogawana, Shosho alichukua ile ya mfalme bila kuuliza bei, akaipitisha kwenye uzi wa funguo zake za stoo. Kisha akanionyesha mashimo yangu tisa ya siku ya kwanza. Nilikuwa nimeyafukia matano, nikasahau manne. Yote manne yalikuwa na samadi na miche ya ndizi.

"Mashine yako sijui," akasema, "lakini kuchimba unajua. Jumamosi njoo na zile buti, nataka mengine sita kule chini."