Kuingiza sauti kwenye biti ndani ya chumba cha kupanga Sinza

Chumba ninachorekodia waimbaji juu ya biti (muziki uliokwishatengenezwa) kiko Sinza, Dar es Salaam, na kina kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae na dirisha la aluminiamu linaloangalia njia ya bodaboda. Vifaa ni laptopu yenye RAM ya GB 8, kadi ya sauti ya USB yenye matundu mawili, maiki moja ya kondensa (inayonasa hata sauti ndogo) na moja ya dainamiki (isiyo nyepesi kunasa kelele za mbali), na hedifoni zinazofunika sikio lote. Programu ya kurekodi ni REAPER. Niliichagua kwa sababu ni nyepesi kupakua kwa bando la kawaida, unaijaribu siku 60 ikiwa na kila kitu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ninachoeleza hapa kinafanya kazi kwenye programu nyingine pia, maana sehemu kubwa ya ubora wa sauti huamuliwa kabla kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa.

Kelele kwanza. Mchana Sinza hailali, kwa hiyo mchana natumia maiki ya dainamiki, mdomo ukiwa sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye wavu. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mwimbaji hupanda kwa karibu desibeli 6 huku kelele ya barabarani ikibaki ilipo. Faida hiyo huipati kwa programu yoyote ya kusafisha. Gharama yake ni besi inayovimba mwimbaji anaposogea, nayo naipunguza baadaye kwa kukata chini ya hezi 100. Kondensa naitoa baada ya saa saba usiku na kuirudisha kabla ya adhana ya alfajiri, kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, ikiwa na kichujio cha pumzi mbele yake. Mvua ya masika ikianza kupiga mabati, kazi inasimama. Hakuna ujanja hapo.

Maiki ya kadioidi husikia mbele na hupuuza nyuma. Mgongo wake nauelekeza dirishani, na mwimbaji anasimama akitazama dirisha. Kosa ninaloliona kwenye studio nyingi za nyumbani ni kutundika godoro nyuma ya maiki. Maiki inamtazama mwimbaji, na inachokiona nyuma ya mwimbaji ni ukuta mtupu unaorudisha mwangwi. Godoro liende nyuma ya mgongo wa mwimbaji, na mablanketi mazito yatundikwe pembeni kwa umbali wa sentimita 10 kutoka ukutani. Zulia au mkeka mnene chini, maana vigae vinarudisha sauti kama kioo. Trei za mayai ziache. Ni karatasi nyepesi. Zinapunguza makali ya juu kidogo tu na kuacha mvumo wa hezi 100 hadi 300, ambao ndio unaofanya sauti isikike kama imeimbwa ndani ya pipa. Usimsimamishe mtu katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona, kwa kuwa huko ndiko mvumo huo unakojikusanya au kumezana vibaya.

Pangaboi lazima lizimwe. Upepo wake unagonga kapsuli, kile kipande cha maiki kinachonasa sauti, na mapanga yanaitikisa sauti kwa mapigo ambayo hutaweza kuyaondoa. Kwa joto la Januari, hesabu dakika 15 za kurekodi kisha fungua mlango, mwimbaji apumzike na anywe maji yasiyo ya baridi. Unyevu wa pwani nao ni adui wa kondensa: ukisikia inachacharika bila sababu, mara nyingi kapsuli imepata unyevu. Yangu inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika jeli.

Sasa umeme. Rekodi sekunde 10 za kimya chaja ikiwa imechomekwa, halafu chomoa chaja na urekodi tena. Kama kelele nyembamba iliyokuwa ikibadilika unaposogeza mausi imetoweka, inatoka kwenye chaja, hasa ile ya pini mbili isiyo na waya wa ethi (waya wa ardhini). Ukisikia mvumo mzito wa hezi 50 au 100, kagua ethi ya nyumba, kisha chomeka kila kifaa kwenye eksitensheni moja ili kusiwe na njia mbili za ethi. Mimi narekodi kwa betri. Kadi inayopata umeme kwa USB haihitaji soketi, na umeme ukikatika katikati ya kibwagizo kazi haipotei. Sharti ni kuweka Windows kwenye hali ya nguvu kamili, la sivyo prosesa hupunguza kasi na sauti huanza kukatikakatika. Simu zote ziwe kwenye hali ya ndege.

Kwenye programu, tumia draiva ya ASIO (inayopitisha sauti haraka kati ya kadi na programu) kutoka kampuni iliyotengeneza kadi. ASIO4ALL, draiva ya jumla, ni ya dharura. Mradi nauweka hezi 44,100, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, na biti 24 (bits, usahihi wa kila sampuli, si biti ya muziki) kwenye WAV, faili la sauti lisilobanwa. Wakati wa kurekodi bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata, ni sampuli 128. Sauti kuingia na kutoka inachelewa karibu milisekunde 6, ukiacha kinachoongezwa na kadi na draiva. Bafa ya 1,024 ingefikisha zaidi ya milisekunde 46, na hapo mwimbaji anaanza kuchelewa bila kujua kwa nini. Laptopu ikilemewa na 128, washa usikilizaji wa moja kwa moja kwenye kadi na uzime ule wa programu. Vikiwaka vyote viwili, mtu anajisikia mara mbili, sauti inakuwa kama inapita bombani. Wakati wa kumiksi, rudisha bafa 1,024.

Gaini, yaani kiwango cha kukuza sauti ya maiki kwenye kadi, ndipo kazi nyingi huharibikia. Usiipime kwa “moja, mbili, moja, mbili”. Mwambie aimbe sehemu ya juu kabisa ya kibwagizo, kwa nguvu atakayotumia kweli, na uweke vilele kati ya desibeli −12 na −10, sifuri ikiwa ndiyo dari. Akishapata moto ataongeza desibeli 4 hadi 6, na bado utakuwa salama. Kwa biti 24 huna haja ya kukaribia sifuri. Taa nyekundu ya kadi ikiwaka, sauti imekatwa vichwa kabla haijafika kwenye kompyuta, na kushusha feda (kitelezi cha sauti) ndani ya programu kunapunguza ukubwa tu, mkwaruzo unabaki.

Gaini hupandishwa bure kwa sababu ya biti ya muziki. Biti nyingi huja zimeshamasteriwa (zimeshakuzwa sauti hadi mwisho), zinagonga sifuri muda wote, mwimbaji hajisikii, prodyuza anaongeza maiki. Shusha biti kwa desibeli 8 hadi 10, kisha ongeza hedifoni. Sikio moja likiwa nje, lile ganda linalovujisha lizimwe kwa kupeleka sauti yote upande mmoja.

Omba biti ya WAV. MP3 huwa na kimya kidogo mwanzoni, kwa kawaida milisekunde ishirini na kitu, na ukiiweka kwenye gridi, ile mistari ya mapigo ndani ya programu, bila kuisogeza, kila utakachokata kwa gridi kitatoka nje ya mdundo. Kuza picha ya wimbi, tafuta kiki (pigo la ngoma nzito) ya kwanza, iburute mpaka kwenye mstari wa ba.

Ninachukua tekhi tatu, yaani mara tatu za kuimba wimbo mzima, kisha narudia mstari mmoja mmoja. REAPER huziweka tekhi ndani ya klipu moja. Herufi T inakuhamisha kutoka moja hadi nyingine, S inakata. Kata kwenye pumzi au kabla ya konsonanti ngumu, na uunganishe kwa mpishano (kipande kimoja kikififia huku kingine kikiingia) wa milisekunde 5 hadi 10. Usifute pumzi zote, sauti isiyopumua humchosha msikilizaji. Acha pia sekunde 5 za kimya cha chumba mwanzoni mwa kila trake, maana ukilazimika kutumia ReaFIR, kifaa cha REAPER, kuondoa mvumo, ndicho kipimo chake.

Ukimaliza, toa kila trake ikianzia sekunde ya sifuri, hata kama mtu anaanza kuimba dakika ya pili. Trake moja ya mono hula karibu MB 8 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 4 wenye trake 10 ni kama MB 320. Kwa WhatsApp itume kama dokyumenti ndani ya faili la zipu, isitumwe kama sauti. Vinginevyo bora flashi.