Kufuga Mkunga: Anza na Mfuniko

Anayetaka kufuga mkunga, yule samaki wa baharini mwenye umbo la nyoka, huuliza kwanza anakula nini. Heri aanze na mfuniko wa tangi. Mkunga hana magamba wala mapezi ya ubavuni. Mwili wake ni msuli mtupu uliopakwa ute, na usiku hupitisha pua kwenye ukingo wa juu wa kioo, kona hadi kona, akitafuta upenyo. Pale waya wa hita, kifaa cha kupasha maji joto, unapoingilia panamtosha. Kichwa kikishapita, mwili hauna kizuizi.

Kwa hiyo mfuniko uwe wa kioo kizito au plastiki ngumu, ubanwe kwa klipu au uwekewe uzito. Matundu ya nyaya na mabomba yazibwe kwa wavu wa plastiki, pamoja na mdomo wa bomba linalopeleka maji kwenye chujio, maana humo nako huingia. Wavu wa chuma usiutumie: maji ya chumvi huula, na madini yake huishia tangini. Ukimkuta sakafuni, lowesha mikono kwa maji ya tangi umrudishe mara moja, hata kama anaonekana amekufa. Ngozi ikiwa bado na unyevu, huenda akazinduka.

Wa kuanza naye ni Echidna nebulosa, mweupe mwenye mabaka meusi na vitone vya njano. Nyumbani hufika kama sentimita 60 hadi 70, na chini ya lita 300 nadhani ni kumbana. Gymnomuraena zebra, mwenye milia, ni mpole pia, ila hukaribia mita 1.5, mwandalie lita 500 au zaidi. Gymnothorax funebris, wa kijani, hufika mita 2.5. Huyo mwacheni baharini, tafadhali. Yule mwembamba kama utepe, wa buluu na njano, Rhinomuraena quaesita, huvutia kuliko wote na ndiye anayegoma kula mpaka anakufa. Usimchukue kabla hujamwona akila kwa macho yako.

Mawe yapangwe moja kwa moja juu ya kioo cha chini, mchanga umwagwe baadaye. Mkunga hufukua, na mawe yaliyokaa juu ya mchanga humporomokea. Fukia vipande vya bomba la PVC chini ya mawe, upana wake mara mbili ya unene wa mwili wake, na visipungue viwili. Asiye na shimo la kujificha hahamaki tu, hukataa hata chakula.

Maji yachanganywe takribani gramu 35 za chumvi ya akwaria kwa lita, kipimo cha uzito wa maji hayo yakilinganishwa na maji matamu kisome 1.023 hadi 1.025, joto nyuzi 24 hadi 27. Tangi liendeshwe bila mkunga kwa wiki 4 hadi 6, mpaka amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu, zisome sifuri. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji matamu yaliyosafishwa, maana chumvi haipandi na mvuke; ukiongeza ya chumvi, ukali unazidi kila siku. Mlo mmoja wa mkunga huchafua maji kuliko wa samaki kadhaa wadogo, ndiyo maana kichujio cha povu, kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, kiwe kikubwa kuliko kinachoandikiwa tangi lako, na asilimia 15 ya maji ibadilishwe kila wiki.

Chakula ni ngisi, kamba, vipande vya kaa na chaza, mara 2 au 3 kwa wiki. Mpe kwa koleo refu la plastiki, kamwe si kwa vidole. Macho yake ni dhaifu, anaongozwa na harufu, na kidole kilichoshika kamba kinanuka kamba. Tena ana taya la pili kooni, ambalo watafiti wa Marekani walieleza mwaka 2007 jinsi linavyochomoka mbele kuvuta windo ndani. Akikuuma usivute mkono kwa nguvu, utachanika. Kule kufungua na kufunga mdomo mchana kutwa si hasira, anapumua.

Samaki wa maji matamu, hasa goldfish, wasiwe mlo wake wa kila siku: wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Mkunga mgeni akikataa chakula wiki 2 au 3, pima amonia, punguza mwanga, jaribu tena usiku, na mabaki uyatoe siku hiyohiyo. Usimlishe kwa nguvu. Samaki wenzake wakipata vidoadoa vyeupe, wahamishie tangi jingine ndipo uwatibu. Dawa ya shaba isiingie kwenye tangi la mkunga, kwa sababu ngozi isiyo na magamba haiwezi kuihimili.