Mwite mtu jina lake lote

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi flani, dada wa dirishani anaita majina, akafika kwa mama mmoja jina lake refu kidogo, akalianza akaliacha katikati, "aah huyu sijui nani, namba kumi na saba!" Yule mama akanyanyuka taratibu, akafika dirishani, na kabla hajaulizwa chochote akalitaja jina lake lote, polepole, silabi kwa silabi, ndo akatoa karatasi zake. Mpaka leo hajanitoka kichwani.

Manake jina ni lako kabisa ila wewe mwenyewe hulitumii, wanaolitumia ni wengine, kwa hiyo muda wote liko mikononi mwa watu. Na linaingia mapema mno. Watafiti walipima watoto wa miezi minne na nusu wakakuta wanalisikiliza jina lao kwa muda mrefu kuliko majina mengine, hata yale yenye mkazo unaofanana. Hapo mtoto hata kukaa bado!

Ndo maana anayetaka kumfuta mtu anaanzia kwenye jina. Kwenye kambi ya Wanazi ya Auschwitz wafungwa walichorwa namba mkononi. Mandela alienda shule akiwa Rolihlahla, siku ya kwanza tu mwalimu akampa Nelson, baadaye gerezani akawa 466/64. Muhammad Ali alilipokea jina lake mwaka 1964 na bado watu wakang'ang'ania kumwita Clay, jina lake la zamani, hadi 1967 yuko ulingoni na Ernie Terrell, mmoja wa hao waliong'ang'ania, Ali anamtandika huku anamuuliza, jina langu nani? Wengine waliona ni ukatili, mi namwelewa.

Afu kuna hili la kazi, linaniuma sana. Marekani kuna utafiti ulitoka 2004, walituma maombi ya kazi ambayo waombaji wake ni wa kubuni, yenye sifa zinazolingana, tofauti ni majina tu, na yenye majina yanayosikika ya kizungu yakapigiwa simu kama asilimia 50 zaidi ya yale yanayosikika ya watu weusi. Yaani mtu hajafungua mdomo, jina limeshamfungia mlango.

Mi saizi nikikutana na jina geni namwomba mwenyewe alitamke kwanza, narudia, ananisahihisha, narudia tena mpaka aseme "eeh, hapo sawa".