Punje Ndogo za Mteremkoni

Nilikuwa na misimu sita kwenye meza ya kuchambulia zabibu, nikitoa majani, vikonyo, punje zenye ukungu na wadudu waliojificha ndani ya vichala, ndipo kiwanda chetu cha mvinyo kikaleta mashine ya kamera.

Asubuhi ya kwanza nilisimama kando nikiitazama. Punje zilizokwisha kutolewa vikonyo zilitandazwa na sahani inayotikisika, zikashika mkanda kwa kasi ambayo jicho langu halikuimudu. Kamera hupiga picha, kompyuta hulinganisha rangi, umbo na ukubwa. Mwisho wa mkanda, punje zikiwa bado hewani, mpulizo mdogo wa hewa huisukuma ile mbovu ikatumbukia kwenye kreti ya chini. Tss, tss, tss, bila kupumzika. Nilifurahi kwa dhati. Aliyewahi kuinama mezani saa kumi mfululizo anajua mgongo unavyolia.

Mchana zikaletwa zabibu za mteremkoni. Nilipokwenda kumwaga kreti ya taka, niliikuta nzito mno. Nikachota kiganja. Hazikuwa na ukungu, wala ile rangi ya waridi ya zabibu ambazo hazijaiva. Zilikuwa ndogo tu, nyeusi ti, bado na ule unga wa nta juu ya ganda. Nikatafuna moja: ganda nene, utamu hadi kooni, mbegu ya kahawia ikavunjika kwa mlio. Nikakamulia nyingine kwenye kioo cha refraktomita, kile kifaa cha kupimia sukari. Brix 25: zimeiva hasa.

"Fundi, simamisha! Tunatupa zilizo bora."

Asubuhi tulikuwa tumeifundisha mashine kwa punje za bondeni, nono, zilizoshiba maji. Kwake, udogo ukawa dosari. Lakini rangi ya mvinyo mwekundu na tanini zake, zile zinazoupa ukakasi, hukaa kwenye ganda, na punje ikiwa ndogo, ganda lake huwa jingi ukilinganisha na maji yake. Kile ilichokiita kasoro ndicho tulichokuwa tukikitafuta mwaka mzima, na kiliniuma kukiona kinalowa kwenye kreti ya taka.

Fundi akaonja, akanyamaza kidogo. "Haya dada, chagua wewe. Tuifundishe upya."

Nikapanga mafungu mawili: ndogo zilizoiva, na zile ndogo za kijani, ngumu kama changarawe, ambazo hazitaiva kamwe. Tukayapitisha moja moja chini ya kamera, yeye akirekebisha kwenye skrini, nami nikirudi kuokota mfano mwingine kila alipotikisa kichwa. Kazi hiyo ilitula karibu saa nzima huku gari likisubiri. Kisha tukazirudisha juu ya sahani kreti zote tulizokuwa tumezitenga.

Safari hii niliinama juu ya kreti ya taka kabla haijajaa. Kipande cha jani, changarawe za kijani, punje mbili zilizovaa ukungu wa kijivu, na mdudu mmoja mwekundu mwenye madoa meusi, yule ambaye akisagwa pamoja na zabibu huharibu harufu ya mvinyo. Alikuwa bado anatembea.