Jinsi nilivyotatua tatizo la vielezi vya mshangao vya Kiingereza kwa wanafunzi Wachina

Kwa miezi kadhaa wanafunzi wangu wanaozungumza Kichina waliniandikia sentensi kama "He passed the exam surprisingly", ambayo humfanya msomaji asite, kwani yaelekea kusema kwamba kilichoshangaza ni namna ya kufaulu, si kufaulu kwenyewe. Niliwapa orodha ya visawe, wakaikariri. Nikawapa mazoezi ya kujaza nafasi, wakayapata yote na kukosea tena katika insha.

Nilipata ufumbuzi nilipowaomba waandike kwanza kwa Kichina. Neno "jìngrán" au "jūrán", ambayo yote huonyesha kwamba jambo halikutarajiwa, lilikaa baada ya kiima na kabla ya kitenzi, nao, wakijua kwamba Kiingereza kina mpangilio tofauti, walikisukuma kielezi popote. Basi niliwataka waamue kwanza ni nini hasa kinachoshangaza. Kama ni tukio zima, kielezi hutangulia sentensi na kufuatwa na mkato: "Surprisingly, he passed". Kama ni kiwango cha sifa, hukaa mbele ya sifa hiyo bila mkato: "surprisingly easy".

Mkato huo mdogo ndio uliobadilisha mambo, kwa kuwa "jìngrán" haliuhitaji, na hivyo hakuna aliyekuwa akiutafuta. Waliopenda kukiacha kielezi katikati, kama walivyozoea, niliwapa "actually": "He actually came", likitamkwa kwa mkazo, lina mshangao unaokaribiana sana na wa "jìngrán", na nafasi yake ni ile ile. Katika insha za wiki iliyopita sikusahihisha kielezi hata kimoja.